Komeo la Chumba cha Magodoro

Kila asubuhi ya likizo ile, kabla kengele ya mkono haijalia, Pilika alikuwa ameshafanya kazi za watu watatu. Alikuwa amefagia uwanja, amepanga viti vidogo kumi na vinne, amevipanga upya kwa sababu mstari ulipinda, amejaza ndoo yenye koki ya maji ya kunywa, na amemkumbusha bibi mpishi mara mbili kwamba uji usije ukaungua. Bibi mpishi, ambaye alianza kupika uji kabla hata mama yake Pilika hajazaliwa, alimjibu bila kugeuka.

"Nenda kakae, mjukuu wangu. Unanizungusha kichwa."

Kukaa ndiko kulikomshinda. Pilika halikuwa jina lake la darasani. Alipachikwa jina hilo kwa sababu ya pilikapilika zake, nalo likamganda. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, miguu mirefu, na mikono isiyojua kutulia. Akiketi, goti linacheza. Akiulizwa swali, anajibu kabla muuliza hajafika mwisho, na mara nyingi anajibu swali lingine kabisa. Mama yake alipochoka kumwona akizunguka nyumbani kama pia, alimpeleka kwa mama yake mdogo, mwalimu wa chekechea, akamsaidie kuangalia watoto.

"Labda hao wadogo watamchosha," mama alisema. "Mimi nimeshindwa."

Chekechea yenyewe ilikuwa nyumba ya zamani ya kuishi watu. Sebule ndiyo ilikuwa darasa. Mwisho wa korido kulikuwa na chumba kilichowahi kuwa cha kulala, ambacho sasa kilihifadhi magodoro madogo ya watoto kulalia mchana. Kilikuwa na dirisha moja dogo, juu kabisa, lenye nondo, na mlango wa mbao uliovimba kwa mvua za miaka mingi.

Watoto walimpenda Pilika mara moja. Kwa nini wasimpende? Mtoto akihangaika na kifungo cha shati, Pilika ameshakifunga. Wawili wakigombea gari la mbao, Pilika amelinyakua na kuliweka juu ya kabati, kesi imekwisha. Mmoja akimshtaki mwenzake, Pilika anamtazama mshtakiwa usoni, anaamua papo hapo, na anaendelea na safari yake. Kufikia juma la pili, hakuna mtoto aliyejisumbua kutafuta kiatu chake. Walikuwa wanasimama tu katikati ya chumba na kuita, "Dada Pilikaaa!"

Mama mdogo alikuwa na njia yake nyingine, na njia hiyo ilimtesa Pilika. Siku moja watoto wawili waligombea kiti cha dirishani, wakavutana mpaka kiti kikaanguka. Mama mdogo alichuchumaa akawa sawa nao kwa urefu.

"Haya, nielezeni. Mnaona nini hapa?"

Mmoja alisema anaona kiti. Mwingine alisema anaona mwenzake ana pua chafu. Mama mdogo hakucheka wala hakukemea. Aliuliza tena, akasubiri, akauliza na wa tatu aliyekuwa karibu. Pilika alisimama nyuma yake akibadilisha miguu kama mtu aliyebanwa na haja. Dakika zikapita. Hatimaye wale wawili wakagundua wenyewe kwamba wakikigeuza kiti ubavu, kila mmoja anapata nusu ya kukalia na wote wanaona nje. Walikaa hivyo, nusu makalio hewani, wamefurahi kupita kiasi.

"Mama mdogo, si ungewaambia tu?" Pilika alisema walipobaki wawili. "Sekunde moja!"

"Ningewaambia. Na kesho, kiti kingine, mimi sipo?"

"Kesho nitawaambia mimi."

Mama mdogo alimtazama, kisha akaenda kufuta ubao.

Ilikuwa Alhamisi, siku moja kabla ya wazazi kuja kuona kazi za watoto wao. Tangu saa mbili watoto walikuwa wamechora kwa rangi za maji: nyumba, paka, mama mwenye vidole saba, jua lenye meno. Picha kumi na nne zilitandazwa sakafuni chini ya meza ya maji, pahali ambapo hapakukanyagwa, ili zikauke. Pilika alikuwa mbioni kama kawaida. Alikimbilia chaki ofisini, akarudi, akapitia kwenye ndoo akakinga kikombe, akagugumia maji amesimama, akakirudisha kikombe, akakimbilia uwanjani alikoitwa.

Saa nne mtoto mmoja akaanza kutetemeka kwa homa. Mama mdogo alimgusa paji la uso, akachukua kanga na mkoba wake.

"Nampeleka zahanati. Si mbali. Bibi yupo jikoni, wewe uko hapa. Usimwache mtoto yeyote atoke nje ya geti. Na Pilika..." Alimshika bega, maana binti alikuwa ameshageuka. "Likitokea jambo, usilirukie. Litazame kwanza."

"Sawa, mama mdogo," alisema Pilika, naye keshafika nusu ya chumba.

Haikupita robo saa, ukapigwa ukelele. Alipofika kwenye meza ya maji, aliona picha zimeelea. Rangi zilikuwa zimechanganyika, nyumba zimeyeyuka, jua lenye meno limekuwa doa la kahawia. Watoto walikuwa wamesimama mduara, wengine wameanza kulia. Na pale mezani, karibu kabisa na ndoo, alisimama Kimya.

Kimya alikuwa binti wa mama fundi cherehani wa mtaa wa pili. Alikuwa na miaka mitano, na jina hilo alilipata kwa haki: neno lake moja lilihitaji muda mrefu kutoka. Mikono yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko. Gauni lake lilikuwa linachuruzika.

"Ni yeye!" alisema Kijino, mvulana aliyeng'oka meno mawili ya mbele. "Dada, ni Kimya!"

Kimya alifungua mdomo. Pilika hakuusubiri.

"Kwa nini umechezea maji? Ona ulivyowaharibia wenzako! Kesho wazazi watatazama nini? Haya, nenda kasimame kule pembeni, na usinisemeshe!"

Kimya hakwenda pembeni. Aligeuka, akakimbia korido nzima, akaingia chumba cha magodoro, akausukuma mlango kwa mwili wake wote mpaka ukaingia kwenye fremu. Kisha ikasikika sauti ndogo ya chuma. *Ka.*

Pilika alikuwa anajua kwamba mlango ule una komeo kwa ndani. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtoto anayelifikia.

"Kimya, fungua!"

Pilika aligonga kwa ngumi.

"Fungua nimesema! Sichezi!"

Komeo likasikika likigugurushwa. Likakwama. Likagugurushwa tena. Halafu kikaja kilio, kile cha mtoto aliyeingia mahali kwa hasira na sasa anaona kwamba hawezi kutoka. Pilika aliuegemea mlango kwa bega akasukuma. Mlango ulilia lakini haukwenda. Akasukuma kwa nguvu zaidi. Ndani, katikati ya kilio, mtoto akakohoa.

Hapo Pilika akakumbuka. Kila asubuhi fundi cherehani, anapomwacha mwanawe, alirudia maneno yaleyale: "Mwalimu, mwepusheni na vumbi tu, nawaomba. Kifua chake hakitaki vumbi." Na magodoro yale, ukiyapiga kofi moja, yanatoa wingu.

Alikimbilia jikoni. "Bibi! Kimya amejifungia! Anakohoa!"

Bibi mpishi aliweka mwiko chini. Hakupiga kelele. "Mimi naenda kumwita seremala. Wewe rudi kwake, usimwache peke yake." Akatoka na magoti yake mabovu, haraka kuliko Pilika alivyowahi kumwona akitembea. Lakini karakana ya seremala ilikuwa ng'ambo ya barabara, na seremala huyo alijulikana kwa maneno mawili, "nakuja sasa," ambayo yaliweza kudumu mpaka jioni.

Pilika alirudi, akausukuma mlango, akaupiga teke. Akachukua kiti kidogo ajaribu kuuvunja, akakumbuka kwamba mtoto yuko nyuma ya ubao huohuo, akakitupa. Akakimbilia nje kwenye dirisha, akaruka, vidole havikufika hata kwenye nondo. Akarudi tena mlangoni. Jasho lilikuwa linamwingia machoni. Watoto wote walikuwa wamemfuata, wakienda anakokwenda na kurudi anakorudi, kama vifaranga.

"Dada," alisema mmoja wao, msichana waliyemwita Swali kwa sababu zilizo wazi. "Dada, kwani umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Huoni mlango umekwama?"

"Mwalimu huwa anauliza. Anasema, unaona nini?"

Pilika alitaka kumwambia anyamaze. Ila alikuwa ameshajaribu mikono, bega, teke na kuruka, na hakubakiwa na kingine. Alipiga magoti, kisha akalala kifudifudi kwenye saruji ya korido, shavu chini. Kati ya mlango na sakafu palikuwa na upenyo wa vidole viwili. Kupitia hapo aliona miguu miwili midogo yenye soksi za njano, imebanana, inatetemeka.

"Kimya," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mimi, dada yako."

Miguu ilirudi nyuma hatua moja.

Ndipo Pilika alipoelewa. Mtoto alikuwa anamwogopa yeye kuliko alivyouogopa mlango. Hata kama angeuliza maswali mia, hakuna jibu ambalo lingekuja. Akageuza shingo akawatazama waliobaki.

"Kijino. Ulimwona Kimya akimwaga maji?"

Kijino alitazama vidole vya miguu yake. "Nilimwona ameshika mikono... yaani mikono yake ina maji."

"Nauliza, ulimwona akimwaga?"

"Hapana. Nilikuta maji yameshajaa."

"Nani alimwona?"

Watoto walitazamana. Hakuna. Swali akakuna kichwa. "Maji yalianza kutoka kabla hatujaenda uwanjani," alisema. "Yalikuwa yanadondoka tu, to, to, to. Kwenye koki. Kwani nani alikunywa mwisho?"

Pilika hakuhitaji kuulizwa mara ya pili. Alijiona pale mezani, kikombe mkononi, kichwa kimeshageukia uwanjani. Alijiona akiondoka. Mkono wake kurudi kwenye koki kuifunga, hilo hakujiona akilifanya. Pale pale angeweza kunyamaza. Watoto wa miaka mitano wangesahau kabla ya chakula cha mchana. Lakini ndani kikohozi kilikuja tena, mara tatu mfululizo.

Aliweka mdomo karibu na ule upenyo na kusema kwa sauti ambayo wote waliisikia.

"Kimya, nisikilize. Maji niliyaacha mimi. Mimi ndiye nilikunywa, nikaacha koki wazi. Nimekusingizia, nimekufokea, na wewe hukufanya kosa. Nisamehe, mdogo wangu."

Kilio kilipungua kikawa kwikwi. Muda ulipita, mrefu mno kwa mtu kama Pilika. Alijilazimisha asiseme neno. Goti lilitaka kucheza, akalikandamiza chini. Hatimaye sauti ikatoka, nyembamba kama uzi.

"Nilikuwa naifunga."

"Ulikuwa unaifunga koki?"

"Ee. Ilikuwa ngumu."

Pilika alifumba macho. Kumbe katika nyumba nzima mtoto mmoja tu ndiye aliyeona tatizo na kwenda kulizuia, na ndiye aliyeadhibiwa.

"Ahsante, Kimya. Ulifanya vizuri sana. Sasa naomba unisaidie tena. Mimi huko ndani sioni. Wewe ndiye unayeona. Niambie, hilo komeo likoje?"

"Ni chuma."

"Limeingia wapi?"

"Kwenye tundu la ukutani."

"Ukilivuta linakuwaje?"

Miguu ya soksi za njano ilisogea karibu. Chuma kikagugurushwa. "Halitoki. Limebanwa."

"Limebanwa na nini? Tazama taratibu."

Kimya alinyamaza. Safari hii ulikuwa unyamavu wa mtu anayetazama. Pilika, kwa mazoea, alinyoosha mkono akausukuma mlango kidogo.

"Usifanye hivyo!" Kimya alisema. Halikuwahi kusikika neno lake kwa sauti kubwa namna ile. Hata Kijino alirudi nyuma. "Ukisukuma, ndio linabanwa. Chuma kinapinda."

Pilika aliutoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Mlango ule ulifungukia ndani. Kimya alipoufunga aliukandamiza kwenye fremu kwa mwili wote, ndipo komeo likapata tundu lake. Ulipoachiwa, mbao iliyovimba ikarudi ndani kidogo, ikalibana. Na yeye, tangu mwanzo, kwa kila bega na kila teke, alikuwa anazidi kulibana.

"Umeona kitu ambacho mimi sikukiona," alisema. "Sasa unafikiri tufanyeje?"

Kimya akakohoa, akafikiri. "Wewe vuta. Usisukume. Vuta kwako."

Pilika alisimama, akashika kitasa kwa mikono miwili, akavuta. Swali akamshika kiuno, Kijino akamshika Swali, na nyuma yao wakajipanga wengine, ingawa wengi walikuwa wanavuta nguo tu. Mbao ikalia. Kwa ndani Kimya akalivuta komeo, likateleza. *Ka.*

"Limetoka!" alisema Kimya. "Acheni!"

Waliachia wote kwa pamoja, wakaanguka chali kama mzigo wa kuni. Mlango ukafunguka polepole, na Kimya akatokea, nywele zina nyuzi za magodoro, pua inachuruzika. Pilika alimbeba akamkimbiza uwanjani kwenye hewa, akamkalisha kivulini, akamnywesha maji. Kikohozi kilichelewa kuisha, kisha kikaisha.

Ndipo bibi mpishi akaingia getini akimvuta seremala kwa mkono wa shati, nyundo mkononi, maranda kichwani.

"Mlango uko wapi?"

"Umeshafunguliwa," alisema Pilika.

"Na nani?"

"Na huyu."

Seremala alimtazama Kimya, aliyemfikia magotini. Akaitazama nyundo yake. "Basi mimi nimefuata nini?" akauliza.

"Umefuata komeo," alisema bibi mpishi. "Ling'oe kabla hujanywa hata uji."

Mama mdogo aliporudi, mtoto mwenye homa alikuwa ameshachukuliwa na baba yake kutoka zahanati. Alilikuta komeo juu ya meza, na skrubu zake nne. Pilika alimweleza mambo yote. Kuna sehemu alizotamani kuziruka, hasa ile ya koki na ile ya kumfokea mtoto, lakini alizisema, tena kwa kirefu. Mama mdogo alisikiliza bila kumkatiza.

"Lile komeo ni kosa langu," alisema mwishoni. "Miaka sita nalipita. Hilo nitamwambia mama yake Kimya mimi. Sehemu yako?"

"Sehemu yangu nitasema mwenyewe."

Mama mdogo aliwakusanya watoto mbele ya picha zilizolowa. "Kesho wazazi wanakuja. Mnaona nini hapa, na tufanyeje?"

Walibishana mpaka saa sita ikapita. Mmoja alitaka wazazi wasije. Mwingine alitaka picha zipigwe pasi. Pilika alikuwa na jibu tayari mdomoni, akalibana kwa meno. Kimya ndiye aliyeokota karatasi moja yenye doa la kahawia, akaigeuza juu chini. "Inafanana na kobe," alisema. Wakajaa pale wote. Ya Kijino ilifanana na mlima, ya Swali na mtu anayepiga chafya. Wakazianika kwenye kamba ya nguo, na zilipokauka wakaongeza macho, miguu, na chafya yenyewe.

Jioni fundi cherehani alifika kumchukua mwanawe, futi ya kitambaa bado shingoni. Mama mdogo alimweleza habari ya komeo. Kisha Pilika akasogea, akaamkia, "Shikamoo, mama," na akasema sehemu yake. Mama yule alisikiliza huku akikipapasa kifua cha mtoto kwa kiganja.

"Mwanangu hasemi mengi," alisema, na uso wake haukuwa na tabasamu. "Kwa hiyo anayeharakisha kuamua hawezi kumsikia. Mimi nimekusikia umekiri, na nimepokea. Lakini siku nyingine mngoje."

"Nitamngoja, mama."

Walipoondoka, Pilika alikaa kwenye ngazi ya mlango. Mama mdogo akaketi kando yake, akavua viatu.

"Nilidhani nawasaidia," Pilika alisema.

"Ulikuwa unawasaidia. Ulikuwa na haraka ya kuona kilio kimekwisha, na kilikwisha. Ila mtoto ambaye kila jambo lake linaamuliwa na mkubwa, siku akiwa upande wa pili wa mlango, peke yake, atafanya nini? Leo Kimya ameweza kwa sababu mtu alimwuliza anaona nini, akaliamini jibu lake. Ndiyo kazi yetu hapa. Si kuwaondolea matatizo, bali kukaa nao karibu mpaka wayatazame, wajue kilichotokea kweli, ndipo waamue. Na sisi wakubwa tutazame kwanza vilevile, maana mara nyingine anayebana komeo ni sisi."

Pilika hakujibu upesi. Alifikiri kwanza, na mama mdogo akamwachia muda.

"Ni vigumu sana kukaa, mama mdogo," alisema mwishowe.

"Najua, mwanangu. Hata mimi nilijifunza ukubwani."